Waridi jekundu, sakitu ya Njombe na majani ya chai

Mwezi huu nina barua nne, lakini ya kwanza imekula nafasi ya wenzake. Nimeiacha iendelee kuila, maana makosa yote yaliyomo nimewahi kuyafanya kwa mikono yangu.

Mama wa bustani, salamu kutoka Njombe. *Mimi ni mwalimu mstaafu. Miaka miwili iliyopita binti yangu aliniletea mche wa waridi jekundu kutoka Arusha, umo kwenye kiroba cheusi, una kikaratasi kimeandikwa "haibridi tii". Muuzaji alimwambia ni sugu. Mwaka wa kwanza ulitoa maua matatu makubwa ajabu, yamesimama kwenye mashina marefu, hadi jirani akaniomba moja apeleke kanisani. Ila kingo za petali zilikuwa nyeusi kidogo, kama zimepitishwa motoni. Mwaka huu mwezi wa tano nikaupogoa, nikaweka samadi na urea, ukachipua kwa fujo. Katikati ya mwezi wa sita sakitu, ule umande ulioganda, ikashuka, asubuhi nakuta machipukizi yote meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Sasa yamebaki matawi mawili hai, pamoja na lingine lililotokea chini kabisa lenye majani madogo na miiba mingi. Jirani ananiambia, kwa vile "tii" ni chai kwa Kiingereza, niliwekee majani ya chai shinani. Huku kwetu chai si shida. Huo usugu uko wapi? Niung'oe?*

Mwalimu, salamu zimefika. Usiung'oe. Mche uliobaki na matawi mawili baada ya sakitu ni mzima, umevuliwa shati tu.

Nianze na hilo tawi la chini kwa sababu halisubiri. Ulichonacho ni mawaridi mawili yaliyounganishwa. Juu ni jekundu lenyewe. Chini ni mizizi ya waridi jingine kabisa, lililobebeshwa jicho, yaani kichipukizi kichanga, la hilo jekundu. Katika mashamba ya maua ya huku kwetu na ya Kenya, mzizi unaotumika sana unaitwa Natal Briar, kwa kuwa una nguvu na hauchagui sana udongo. Nguvu hiyo ndiyo inayoleta ugomvi. Wa juu akidhoofika, mwenye mizizi anajitokeza kudai nyumba.

Kwa hiyo chuchumaa, fukua udongo kwa vidole hadi ulione fundo, uvimbe kama goti, pale walipounganishwa. Tawi likitokea juu ya fundo ni lako, lilinde. Likitokea chini yake, usilikate kwa mkasi. Ukilikata umelipogoa, na litarudi na wenzake wawili. Lishike pale pale linapoanzia, livute kuelekea chini hadi linyofoke na kisigino chake. Kwa ulivyolieleza nina wasiwasi ni la chini, lakini fukua kwanza uone kwa macho.

Sasa usugu. Nimefanya kazi miaka 22 katika shamba la mawaridi upande wa Usa River, Arusha, nikaanza mkataji, nikaishia msimamizi wa mabanda. Kila muuzaji wa aina mpya aliyekuja na katalogi yake alikuwa na neno "sugu" mdomoni. Sugu kwa nini? Hapo ndipo wengi walipokuwa wakikohoa. Kwa Mzungu wa kaskazini, waridi sugu ni lile linalofunikwa na theluji likaamka. Kwa mtu wa Tanga ni lile lisilodondosha majani kwa unyevunyevu. Waridi moja linaweza kuwa shujaa huku na mgonjwa kule.

Haibridi tii ni chotara. Mzazi mmoja ni mawaridi ya chai yaliyotoka Uchina, yale yaliyokuwa yakitoa maua mwaka mzima lakini hayapendi baridi. Mzazi wa pili ni mawaridi ya Ulaya yenye mifupa migumu. Linalohesabiwa kuwa la kwanza katika kundi hili linaitwa 'La France', alilitoa mkulima wa mawaridi Jean-Baptiste Guillot kule Lyon, Ufaransa, mwaka 1867. Lako limerithi pande zote mbili. Mifupa ya Ulaya ndiyo iliyofanya shina lisife kwa sakitu. Ila damu ya Uchina haijui kulala. Njombe hakuna majira ya theluji ya kulilaza kwa nguvu, basi linaamka wakati wowote likiamshwa. Na kinachoamsha waridi ni mkasi na urea. Mwalimu, wewe mwezi wa tano uligonga kengele, watoto wakatoka darasani mbio na mashati mepesi, nje kuna sakitu.

Mwaka ujao ufanye hivi. Kuanzia mwezi wa nne acha urea na samadi mbichi. Acha kupogoa. Maua ya mwisho yakinyauka usiyakate, yaache yafunge vitunda. Waridi likiona limezaa linapunguza haraka ya kuchipua. Juni na Julai liache limesinzia hivyo hivyo, hata likikuudhi kwa sura. Usiku ukiona mbingu nyeupe kwa nyota na upepo umetulia, hiyo ndiyo dalili ya sakitu; lifunike kwa gunia la katani lililoshikiliwa na vijiti, na asubuhi jua likitoka uondoe. Katikati ya Agosti ndipo uchukue mkasi. Kwa baridi ya kwenu hesabu wiki nane hadi kumi toka siku ya kupogoa mpaka ua la kwanza.

Tazama pia lilipo. Hewa ya baridi inateremka kama maji na kutuama mabondeni. Kama umelipanda chini ya mteremko, nyuma ya ukuta unaozuia hiyo hewa isipite, ndio umelijengea bwawa la baridi. Hatua chache kupanda juu, karibu na ukuta wa nyumba unaopigwa na jua la mchana, zinaweza kutosha. Kulihamisha, fanya hapo hapo Agosti likiwa limepogolewa.

Majani ya chai. Hapa nilicheka peke yangu jikoni, lakini swali si la kipuuzi. Jina la chai lilikuja kwa ajili ya harufu. Watu wa zamani walisema mawaridi yale ya Uchina yananukia kama majani mabichi ya chai. Kwa ukoo hayahusiani. Ndugu wa waridi ni tufaha, pea, pichi na stroberi. Uchafu wa chai ukiutupa kwenye mboji ni sawa, unaoza kama majani mengine. Ila usiurundike shinani. Na jambo kubwa zaidi, hiyo chai kustawi kwenu inakwambia habari mbaya. Chai inapenda udongo mchachu, pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi) 5 hivi au hata chini ya hapo. Waridi linataka 6 hadi 6.5. Udongo ukiwa mchachu mno, mbolea unaweka lakini mizizi haiipati, majani yanapauka na wewe unaongeza mbolea. Peleka udongo ukapimwe. Ukikuta ni mchachu, changanya chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Kwa lililokwisha kupandwa, nyunyiza kidogo kuzunguka shina uchanganye juu juu. Jivu la jikoni nalo linapunguza uchachu, ila kiganja kimoja kimoja, si karai.

Kingo nyeusi za petali si ugonjwa. Ni kawaida ya mawaridi mekundu yaliyokoza yanayokaa juu sana kutoka usawa wa bahari. Jua la mwinuko lina mionzi mikali, usiku ni baridi, na rangi nyekundu nzito inaungua pembezoni. Shambani tulikuwa tukitandika juu ya mabanda nailoni maalumu inayozuia hiyo mionzi, na bado mwezi wa saba tulikuwa tunatupa maua kwa ndoo. Nyumbani, kivuli chepesi cha mchana kinapunguza. Au likate ua likiwa bado tumba lililoanza kulegea, likamalizie kufunguka mezani.

Nimeacha la mwisho ambalo ndilo lenye uzito kuliko yote, na hukuliuliza. Yale maua matatu ya mwaka wa kwanza, uliyakata na mashina marefu, sivyo? Mpaka ya kanisani.

Shambani kila aina ilipozeeka, miaka mitano, sita, saba hivi, vitanda viling'olewa na wafanyakazi tukaruhusiwa kuchukua mashina. Siku moja nikabeba matatu mekundu kwenye gunia, juu ya bodaboda, miiba inanichoma mgongoni njia nzima. Nikayapanda nyuma ya jiko. Yalipotoa maua nikawa tajiri. Kila mgeni anaondoka na ua, na shina refu kama la kupeleka Ulaya, mkono wangu umezoea kukata hivyo. Mwaka haukuisha, mawili yakakauka. Mtu aliyekata mawaridi maisha yake yote ameua mawaridi kwa kuyakata! Mzee mmoja tuliyekuwa naye shambani alinitembelea akatazama yale makaburi, akaniuliza swali moja tu: "Uliyaachia mapafu?"

Mapafu ni majani. Waridi halili samadi, linakula jua kwa majani. Samadi ni chumvi ya mboga. Shamba linaweza kukata mashina marefu kwa sababu kila mche kwanza unafundishwa: matawi membamba na yale yasiyo na tumba hayakatwi, yanainamishwa kuelekea njiani, yanabaki pale kama sketi ya majani yanayolisha mche. Kazi hiyo tuliita kubendi. Unashika tawi kwa mikono miwili karibu na shina, unalisokota kidogo huku unalishusha, unasikia nyuzi zinalia "krr" bila kuvunjika. Likivunjika kabisa umekosea. Likibaki na ngozi upande mmoja, linaishi miezi, na pale ulipolikunja panaibuka chipukizi nene jekundu kama kidole gumba. Hilo ndilo litakalobeba ua la kanisani.

Wewe una matawi mawili. Lililo dogo ulibendi. Lililo kubwa liache lipae, na matumba ya kwanza mawili matatu uyatoe kwa kucha yakiwa sawa na punje ya njegere. Inauma, najua. Baada ya hapo, ukikata ua, shuka nalo toka juu ukihesabu: majani ya karibu na ua yana vijani vitatu, chini yake yanaanza ya vijani vitano. Kata juu ya jani la pili la vijani vitano linalotazama nje ya mche, nusu sentimita juu ya jicho, mkato umelala kidogo. Shina utakalopata ni fupi, litaingia kwenye glasi wala si kwenye chombo cha madhabahuni. Marefu subiri mwaka wa tatu.

Kwa kupogoa Agosti: ondoa vilivyokufa hadi uone moyo mweupe ndani ya mti. Ukiona kahawia, shuka tena. Acha matawi matatu manne yenye afya yakifika gotini. Debe moja la samadi iliyooza sawasawa, isiyonuka, matandazo ya nyasi juu yake yasiyogusa shina, na kiangazi lita 10 za maji mara mbili kwa wiki. Mimi simwagilii kila siku kidogo kidogo. Mizizi inapanda juu kuyafuata.

Umeuliza pia, pembezoni mwa karatasi, kama ungepata jekundu jingine ulitafute lipi. Mimi ningetafuta 'Ingrid Bergman', la Poulsen wa Denmark, la mwaka 1984. Jekundu safi, majani mazito yasiyougua ovyo, na mwaka 2000 vyama vya waridi vya dunia viliweka jina lake kwenye orodha yao ya heshima. Kasoro yake harufu, ipo kwa mbali. Ukitaka la kunukia mpaka sebuleni ni 'Mister Lincoln', la Marekani, 1964, refu kuliko mimi, ila ukungu unalipenda. Lakini sikufichi, wauzaji wengi wa barabarani hawajui wanachouza. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa "jekundu la damu" likachanua rangi ya chungwa. Nenda mche ukiwa na ua, uone.

Dada mpendwa. *Niko Pongwe, Tanga. Waridi langu jekundu linapata madoa meusi kwenye majani, yanageuka manjano, yanadondoka, limebaki vijiti. Nalimwagilia kila jioni kwa mpira, majani nayasafisha vumbi vizuri. Nipulize dawa gani?*

Mdogo wangu, dawa yako ya kwanza ni kufunga huo mpira. Madoa meusi ni kuvu, na mbegu yake inahitaji jani liwe limelowa saa saba hivi mfululizo ndipo iingie. Ukilowesha majani jioni, kwa joto na unyevu wa Tanga, yanalowa mpaka alfajiri. Unalipikia ugonjwa na kuutandikia kitanda. Mwagilia asubuhi, chini, kwa kopo. Okota majani yote yaliyodondoka, hata yale makavu, uyachome au uyafukie mbali. Usiyatie kwenye mboji. Kama lipo chini ya mwembe au limebanana na mengine, litoe lipate upepo na jua la saa sita kwa siku. Likishachipua upya ukaona madoa yamerudi, ndipo uende duka la pembejeo uombe dawa ya kuvu yenye shaba, upulize na chini ya majani pia.

Usichanganye na ubwiri unga, ule unga mweupe kama uliomwagiwa sembe. Huo ni jamaa wa ule unaosumbua korosho kusini, hauhitaji jani kulowa, na dawa yake ni ile ile inayopulizwa Mtwara: salfa. Ila salfa usipulize jua kali, inaunguza.

Na niseme ukweli ambao hukuuliza. Haibridi tii pwani ni kama kumvalisha mtu koti. Litaishi, lakini maua yatakuwa madogo, yanafunguka asubuhi na jioni yamechoka, kwa sababu joto linaliharakisha. Huku kwetu kwenye baridi tumba linachukua muda wake, linajaa. Kama unataka maua ya kutia kwenye kikuba pamoja na asumini na rehani, tafuta kwa kina bibi wa mtaani yale mawaridi ya zamani yenye maua madogo ya mafungu, uombe kijiti. Hayo yameshazoea.

Mama, shikamoo. *Mimi ni kijana wa Moshi. Nina miche sita ya waridi jekundu uani. Nataka mke wangu aamke tarehe 14 Februari akute maua ya kwetu, si ya kununua. Inawezekana? Na yale ya kununua, shina lake nikilichomeka ardhini litaota?*

Marahaba mwanangu. Inawezekana, hata shambani ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Moshi kuna joto, hesabu wiki saba nane. Kata matawi yote ya miche mitatu tarehe 20 Desemba, na ya mitatu iliyobaki tarehe 27, kwa kuwa mawingu yakizidi yanachelewa na jua likizidi yanawahi. Kwa njia hiyo angalau nusu zitakuangukia siku yenyewe. Tumba likiwa na wadogo zake pembeni, wale wadogo watoe mapema, mkubwa anenepe. Kagua vidukari kwenye ncha kila asubuhi. Vibonyeze kwa vidole, au maji ya sabuni ya kipande. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, jua wanavifuga humo.

La kununua, shina lake limekaa kwenye baridi siku nyingi na limekatwa likiwa na njaa. Katika kumi litaota moja, pengine lisiote hata hilo. Chukua pingili kwenye miche yako mwenyewe, tawi lililomaliza kutoa ua, unene wa penseli, macho manne, mawili ndani ya mchanga, mawili nje, kivulini. Usilivute kila siku kuangalia kama lina mizizi. Nakufahamu hata kama sikujui.

Bi. mkubwa, *kuna mtu kaniambia nizike misumari yenye kutu chini ya waridi ili liwe jekundu zaidi. Kweli?* — Msomaji, Babati.

Hapana. Misumari itakuchoma wewe siku ya kufukua.